Kupiga Picha za Pwani na za Kivuko kwa Ajili ya Somo la Jiografia

Mwalimu anayefundisha habari za pwani katika shule iliyo mbali na bahari hukabiliwa na taabu ambayo mwenzake wa Bagamoyo au wa Lindi haijui. Wanafunzi wake wameona mto, pengine na bwawa, lakini bahari kwao ni neno lililoandikwa ubaoni. Mwalimu wa kijiji cha wavuvi naye hupata taabu hiyo hiyo kwa upande wa pili afikapo kwenye mada ya usafiri wa mijini, kwani watoto wake hawajapata kuona stendi yenye mabasi mengi wala watu elfu wakivuka kwa pamoja kwenda kazini. Wote wawili hukimbilia picha, na aghalabu hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Tulianza kulifikiria jambo hili kwa dhati baada ya somo moja tulilolitazama katika mkoa wa Singida, tulipokwenda kuwakagua wanachuo wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Mwanachuo aliyefundisha alikuwa amejitayarisha vema. Andalio la somo lilikuwa safi, na ubaoni alikuwa amebandika picha kubwa ya rangi iliyokatwa katika kalenda: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, ngalawa moja, na maji ya samawati. Akaeleza kwamba maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Msichana mmoja wa Darasa la Tano akanyosha mkono akauliza, "Mwalimu, hapo kwenye picha yamejaa au yamekupwa?"

Mwanachuo akaitazama picha, akatutazama sisi tuliokuwa tumeketi nyuma, kisha akasema kwamba muda umekwisha na swali lile litajibiwa katika kipindi kijacho. Nasi tusingeweza kumsaidia. Picha ile haikuwa na saa wala tarehe, na hapakuwa na kitu ndani yake ambacho kingemwonyesha mtu maji yafika wapi yakijaa. Ilikuwa imepigwa ili iwapendeze watalii, ilhali sisi tulikuwa tukiidai itufanyie kazi ambayo haikupigwa kuifanya.

Tangu wakati huo tumekuwa tukiwafunza wanachuo kujipigia picha zao wenyewe. Kila mwaka twatenga siku moja. Twavuka alfajiri kwa pantoni kutoka Magogoni, yaani pale watu wa Dar es Salaam wanapopaita Feri, twapita Kigamboni na kwenda kusini hadi kwenye ufuko ambao bado hauna nyumba wala hoteli. Kisha twarudi jioni kwa njia ile ile. Kwa siku hiyo moja mwanachuo hupata kupiga picha mahali ambapo hakuna mtu, na mahali ambapo watu hawana pa kukanyaga. Tutaeleza hapa yale tuliyojifunza katika safari hizo, na baadhi ya makosa tuliyoyafanya.

Juu ya kamera hatuna mengi ya kusema. Zamani chuo kilikuwa na kamera moja na filamu ya picha 36, nasi tulizihesabu kama askari ahesabuvyo risasi. Leo simu ya kawaida yatosha kwa kazi hii. Tofauti ni kwamba filamu ilimlazimisha mtu kufikiri kabla ya kubonyeza, na simu haimlazimishi. Kwa sababu hiyo twamtaka kila mwanachuo aandike katika daftari, kabla hatujaondoka chuoni, maswali manne ambayo angependa mwanafunzi aweze kuyajibu kwa kuitazama picha. Asiye na maswali hubaki akibeba mikoba ya wenzake.

Maji na jua

Jambo la kwanza la kujua kuhusu pwani ni kwamba haikai mahali pamoja. Katika pwani ya Dar es Salaam tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa wakati wa bamvua huzidi mita 3, ambayo ni zaidi ya kimo cha mlango wa darasa. Wakati wa maji mafu tofauti hiyo hushuka hadi mita 1 hivi. Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu na baada ya mwezi mwandamo, kwa kuwa wakati huo jua na mwezi huyavuta maji katika mstari mmoja. Kutoka kujaa hadi kujaa tena hupita saa 12 na dakika 25 hivi, na kwa ajili hiyo saa ya maji kujaa huchelewa kwa kadiri ya dakika 50 kila siku.

Hesabu hizi mwanachuo huzikariri kwa ajili ya mtihani, lakini mpiga picha huzitumia. Katika siku za bamvua maji ya Dar es Salaam hupwa kabisa baina ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kabisa baina ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Basi anayetaka kumwonyesha mtoto wa Singida maana ya kujaa na kupwa hana budi kuichagua siku yake kwa kuutazama mwezi. Asimame mahali pamoja asubuhi, apige picha, aweke alama ya jiwe pale aliposimama, kisha arudi jioni asimame juu ya alama ile ile na kuelekeza kamera upande ule ule. Yafaa katika pembe ya picha kiwemo kitu kisichosogea, kama vile mwamba wenye umbo la kukumbukwa au shina la mvinje. Picha hizo mbili zikibandikwa ubavuni mwa nyingine, mtoto mwenyewe atautafuta mwamba katika picha ya pili na kugundua kwamba umezama hadi shingoni.

Asiyekuwa na jedwali la maji awaulize wanawake wachokoao pweza, kwa maana saa za maji wanazijua kuliko jedwali. Tena awaulize kabla ya kwenda mbali juu ya miamba. Maji yanapoanza kujaa hayaji kwa mbele tu. Hupita kwanza katika mifereji iliyo nyuma ya mtu, na mpiga picha aliyezama katika kazi yake anaweza kugeuka akakuta njia ya kurudia haipo. Sisi twamweka mwanachuo mmoja ufukoni bila kamera, kazi yake kuyatazama maji na kupiga filimbi.

Jua nalo lina utaratibu wake. Pwani yetu, toka Tanga hadi Mtwara, kwa jumla huelekea mashariki, na hivyo asubuhi jua hutoka baharini. Anayeielekeza kamera baharini saa mbili asubuhi hupiga akiwa amelikabili jua, na ngalawa yake itatoka nyeusi kama mkaa. Lakini akigeuka na kulitazama genge la mwamba wa matumbawe, mwanga umeliangukia usoni, na kila tundu lililochimbwa na mawimbi laonekana. Alasiri huwa kinyume chake. Kwa hiyo twawaambia wanachuo wapige nchi kavu asubuhi, na bahari alasiri. Adhuhuri twapumzika, hasa katika miezi ya Machi na Oktoba, ambapo jua hupita karibu kabisa juu ya kichwa na kuufuta kila kivuli. Mchanga wenye mabonde hutoka katika picha kama shuka iliyopigwa pasi. Msomaji ataona jinsi siku ya bamvua inavyotufaa: maji hupwa wakati mwanga ungali upande wa nchi kavu, na hujaa wakati jua limekwenda nyuma ya mgongo wetu.

Mwanga mkali wa pwani una shida nyingine, na ni ya zamani. Katika miaka ya 1856 na 1857 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari zilizowastaajabisha watu wa wakati wake. Bamba za kioo zilizotumika siku hizo ziliathiriwa upesi mno na rangi ya samawati, hata mpiga picha akiruhusu mwanga wa kutosha kuyaonyesha mawimbi, mbingu ilitoka nyeupe tupu bila wingu. Le Gray alipiga bamba moja kwa ajili ya bahari na jingine kwa ajili ya mbingu, kisha akayaunganisha katika karatasi moja. Simu nyingi za leo hufanya jambo linalofanana na hilo bila mwenyewe kujua: huchukua picha kadhaa kwa haraka zenye mwanga tofauti, na kuziunganisha ziwe moja. Kwa kawaida matokeo huwa mazuri. Walakini simu hizo pia hupenda kuikoleza rangi ya samawati na ya kijani, na hapo twarudi kwenye kalenda. Ni vizuri kuzima mapambo yote ya rangi. Bahari ya Hindi wakati wa kusi, karibu na mlango wa mto uliojaa tope, ina rangi ya chai ya maziwa, na mtoto ana haki ya kuiona hivyo.

Kosa tulilolikuta mara nyingi kuliko mengine yote ni la kipimo. Mwanachuo hupiga picha ya genge lenye kimo cha mita 4, wala pembeni hapana mtu wala mti. Yeye aliyekuwapo anajua ukubwa wake. Mtoto wa bara hajui. Kwake genge lile laweza kuwa kichuguu au laweza kuwa mlima. Sisi hubeba fimbo ya mita 2 iliyopakwa rangi nyeupe na nyeusi kwa zamu kila nusu mita, na mmoja wetu huisimamisha penye mwamba. Fimbo hiyo huiharibia picha uzuri wake, na kila mwaka yuko mwanachuo anayetuomba tuiondoe. Hatuiondoi. Kadhalika upeo wa macho uwe sawasawa. Tumewahi kuulizwa na mtoto, mbele ya picha iliyopigwa upande, kwa nini maji hayamwagiki.

Si mawimbi na maji tu yanayobadilika. Kunduchi, kaskazini mwa Dar es Salaam, bahari imekuwa ikiula ufuko kwa miongo kadhaa, na zimejengwa kuta za mawe zinazotokeza baharini ili kuuzuia mchanga usichukuliwe. Uchimbaji wa mchanga wa kujengea katika vijito vya upande ule ni mojawapo ya sababu zilizotajwa, kwa kuwa mchanga uliopasa kushuka hadi ufukoni huishia katika matofali. Kisiwa cha Maziwi, mbele ya Pangani, kilikuwa na miti, na kasa walitaga mayai katika mchanga wake. Kuelekea mwanzo wa miaka ya 1980 kilikuwa kimekwisha kuliwa na bahari, na leo ni fungu la mchanga tu linaloonekana maji yakipwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani, yaliyotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yaliwekwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mmomonyoko wa ufuko ulikuwa miongoni mwa sababu. Yaliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014, baada ya kazi ya kuyakarabati na kuukinga ufuko. Mwalimu aliye karibu na pwani ambaye atapiga picha ya mahali pamoja kila mwaka, mwezi ule ule na maji yakiwa katika kimo kile kile, baada ya miaka kumi atakuwa na zana ambayo hakuna kitabu kinachoweza kumpa.

Feri

Turudi sasa Feri, ambako ndiko tunakopitia. Hapa wanachuo wengi hudhani kwamba mambo ya pwani wameyaacha nyuma, na kwamba kazi iliyobaki ni kupiga picha ya watu wengi. Huipiga, na wanachopata ni migongo ya watu watatu waliokuwa mbele yao.

Tuliona baada ya muda kwamba swali la msichana wa Singida lafaa kuulizwa hata hapa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi pantoni hushusha umati upande wa mjini, na irudipo Kigamboni huwa na nafasi. Saa kumi na moja na nusu jioni umati unaelekea upande mwingine. Picha moja haiwezi kuonyesha jambo hili. Lakini mbili zilizopigwa mahali pamoja, moja asubuhi na moja jioni, zikiwa na mishale iliyochorwa kwa kalamu kuonyesha watu wanakokwenda, huzaa somo zima. Kwa nini asubuhi wote huenda upande huu? Kazi zipo wapi, na nyumba zipo wapi? Kwa nini watu hawahamii karibu na kazi zao? Mwaka 2016 Daraja la Nyerere lilifunguliwa pale Kurasini. Kwa nini basi wako wanaoendelea kuvuka kwa pantoni? Mtoto wa Darasa la Tano anaweza kuyajibu maswali haya kwa akili yake mwenyewe, akisaidiwa kidogo.

Ili msongamano uonekane, mpiga picha apande juu. Madaraja ya waenda kwa miguu kwenye vituo vya mwendokasi, kama lile la Kimara, hufaa sana: kutoka juu mtu huona foleni ilivyopinda, mabasi yalivyojipanga, bodaboda wanavyowasubiri abiria nje, na wauza maji walivyochagua mahali pa kusimama. Picha ya namna hiyo yaweza kugeuzwa ramani. Kutoka juu vilevile nyuso za watu huwa ndogo, jambo ambalo lina faida tutakayoitaja.

Kuhusu mwendo wa watu, kuna kisa ambacho wanachuo hukifurahia. Mwaka 1838 Louis Daguerre alipiga picha ya barabara moja ya Paris kutoka dirishani. Barabara ile ilikuwa imejaa watu na magari ya farasi, lakini kamera ya siku zile ilihitaji kuachwa wazi kwa dakika kadhaa. Kila kilichokuwa kikitembea kilipotea kisiache alama, na barabara ikatoka kama ya mji uliohamwa. Alionekana mtu mmoja tu waziwazi, kwa sababu alikuwa amesimama akisafishiwa viatu. Kisa hiki chatukumbusha kwamba kamera humtunza aliyetulia na kumfuta anayekwenda. Alfajiri, chini ya paa la kituo, mwanga ni mdogo. Simu hukaa wazi muda mrefu zaidi, na abiria wanaokimbia hutoka kama moshi. Si lazima hilo liwe kosa. Ikiwa mwalimu anataka kuonyesha nani hupita na nani hushinda pale, aiegemeze simu ukutani isitikisike na aache wapitao wafifie: atakayebaki wazi ni mama lishe, mkata tiketi na mlinzi. Ikiwa anataka kuonyesha mizigo ya wasafiri, angoje jua lipande.

Picha za vituo huzeeka upesi kuliko za pwani. Katika kabati letu imo picha nzuri ya kituo cha mabasi cha Ubungo, na miaka michache iliyopita tulimkuta mwanachuo akiionyesha darasani kama stendi ya mabasi ya mikoani ya Dar es Salaam. Kituo kile kilikwisha kuhamishiwa Mbezi Luis mwaka 2021. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, na treni ya umeme ikaanza kwenda Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Hatukuitupa picha ya Ubungo. Tuliiandika mwaka wake kwa wino mwekundu, na sasa inafanya kazi katika somo jingine, lile la mabadiliko ya mji.

Ruhusa

Kabla ya kutoa simu mfukoni mahali kama Feri, mwanachuo hana budi kupitia ofisini. Upande wa Magogoni ipo Ikulu, na ndani ya mlango ule wa bahari ipo bandari. Askari anayemzuia mpiga picha ana sababu yake. Mwanachuo wetu mmoja alizuiwa kwa muda wa saa tatu katika kituo kimoja cha usafiri, akaamriwa kuzifuta picha zote, zikiwamo za ufuko alizozipiga siku nzima. Hakuwa na barua. Tangu hapo hubeba barua ya mkuu wa chuo, na siku moja kabla mmoja wetu hutangulia kumwona msimamizi, akamwamkia, akamweleza, na kumwuliza ni upande gani usiopigwa.

Lakini ruhusa ya ofisi si ruhusa ya watu. Hapa hatuna budi kulieleza kosa letu wenyewe. Tulikuwa na picha ya mchukuzi mmoja, tuliyoipiga kwa haraka, akipanda mteremko na magunia mgongoni, mdomo wazi, shati limechanika begani. Tuliiona kuwa picha yenye nguvu. Tukaitumia katika shule moja ya jijini kwa mada ya kazi za watu. Darasa likacheka. Mvulana mmoja wa dawati la mbele hakucheka. Alilaza kichwa juu ya mikono hadi kengele ilipolia. Baadaye mwenzake alitunong'oneza kwamba mtu yule ni baba yake mdogo, na kwamba ndiye anayemlipia sare na madaftari.

Tulikwenda kumtafuta mchukuzi yule ili tumwombe radhi. Alitaka kwanza kuiona picha. Akaitazama kwa muda, akasema, "Walimu, mngeniambia tu. Ningevaa shati jingine." Kisha akatuambia tumpige upya. Alisimama ubavuni mwa mkokoteni wake, mkono mmoja juu ya mpini, akamwita na kijana anayemsaidia. Akatueleza jinsi mzigo upangwavyo ili uzito ukae juu ya ekseli usimlemee mtu, kwa nini hulipwa kwa safari badala ya kulipwa kwa siku, na kwamba mwezi wa Ramadhani njia zake hubadilika. Mambo hayo yote hayakuwamo katika picha ya kwanza, wala tusingeyapata kwa kujificha. Tulirudi katika darasa lile lile na picha ya pili. Tulimwuliza mvulana, kwa faragha, kama angependa tumtaje baba yake mdogo. Alikataa, nasi tukaheshimu.

Wako waliofanya kinyume na kusifiwa. Mmarekani Walker Evans, baina ya miaka 1938 na 1941, aliwapiga picha abiria wa treni ya chini ya ardhi ya New York akiwa ameificha kamera ndani ya koti. Nyuso alizozipata ni nyuso za watu wasiojua kwamba wanatazamwa, na wataalamu huzithamini sana. Hata hivyo kitabu chake hakikutoka hadi mwaka 1966. Mwalimu hana robo karne ya kungoja. Picha yake itaonekana Jumatatu, huenda mbele ya mtoto wa mtu aliyepigwa. Nchini mwetu ipo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo yafaa kila chuo kiisome. Sisi twafuata utaratibu huu: anayeonekana uso aombwe, asiyeweza kuombwa apigwe kwa mbali au kutoka juu, asitambulike, watoto wasipigwe nyuso kabisa. Na picha za darasani zisitumwe katika makundi ya simu.

Darasani

Katika darasa la watoto 80 simu moja inayopitishwa mkono kwa mkono haifundishi. Hufika dawati la tatu ikiwa imefungwa. Chapisha picha nne tu katika studio ya mjini, kubwa kadiri fedha inavyoruhusu, na uziweke pembe nne za darasa, makundi yazunguke. Pasipo fedha, chora picha kwa mkono juu ya karatasi ya manila au upande wa ndani wa mfuko wa saruji. Mchoro wa mkono una faida kwamba mwalimu huacha yasiyohitajika.

Usieleze picha kabla haijatazamwa. Funika nusu yake kwa gazeti na uulize kilicho upande wa pili. Waache watoto waigawe katika sehemu ya mbele, ya kati na ya nyuma, waandike wanachokiona katika kila sehemu kabla ya wanachokifikiri. Wengi watachanganya mambo hayo mawili. Mtoto atasema kwamba abiria wamechelewa kazini. Mwulize amelionaje hilo, na atatafuta saa ya ukutani ndani ya picha. Katika shule za bara tumeona inafaa kuanza na kivuko kabla ya ufuko, kwa kuwa watu, mizigo na magari watoto wanavijua, na maji yaliyo chini ya pantoni huwavusha polepole kuelekea bahari wasiyoijua.

Nyuma ya kila picha uandike kwa penseli mahali, tarehe, saa, hali ya maji au upande walikokuwa wakielekea watu, ulikosimama, na ruhusa uliyopewa. Huu hapa ni mfano kutoka katika kabati letu: "Ufuko kusini mwa Kigamboni. Siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Saa 4.40 asubuhi, maji yamekupwa. Kutoka jiwe lenye alama nyeupe, kuelekea kusini-mashariki. Fimbo ni mita 2. Angalia picha ya pili, saa 10.50 jioni: fimbo imesimama pale pale na haionekani."

Nakala za picha hizo mbili tulimpelekea mwalimu yule wa Singida, aliyekuwa mwanachuo wetu. Alituandikia kwamba msichana aliyeuliza amekwisha kupanda Darasa la Sita, lakini alimwita. Alizitazama kwa muda, akahesabu alama za fimbo kwa kidole, kisha akauliza maji hayo yakiondoka hapa hwenda wapi. Safari ijayo tutaondoka mapema zaidi, na kikundi kimoja kitakwenda kupiga picha katika mlango wa mto wenye mikoko, ambako jibu lake laweza kuonekana.